Anayelala Asipoteze Alama: Usalama na Haki katika Mashindano ya Pikipiki ya Masafa Marefu

Waheshimiwa wazee wa vilabu, wasimamizi wa vituo, mafundi, kina dada na kina kaka wa pikipiki mliotoka Likoni, Kisauni, Changamwe, na nyinyi wa Kilifi na Kwale, salaam alaykum, na hamjambo nyote.

Waliopanga ratiba wameandika usalama kabla ya chai na haki baada ya chai. Mtaniwia radhi, mimi nitayachanganya, kwa sababu kwenye daftari la kanuni hayo mawili hayatengani. Kanuni ikimpa alama asiyelala, anayelala ameonewa. Na huyo aliyepewa alama ndiye tutakayemwokota chini ya trela pale Maungu, kwenye barabara ya Nairobi.

Tuanze na hesabu. Vilabu vingi hapa Pwani vimeanza kuitaja ile safari ya maili 1,000 ndani ya saa 24, ambayo Iron Butt Association, chama cha Marekani cha waendeshaji wa masafa marefu, huiita SaddleSore 1000. Maili 1,000 ni kilomita 1,609. Gawanya kwa saa 24, unapata kilomita 67 kwa saa. Kijana akisikia 67 hucheka, maana boda yenye abiria wawili huipita kasi hiyo Bamburi kila asubuhi. Lakini 67 hiyo imehesabu kila dakika: ya kujaza mafuta, ya choo, ya kuswali, ya kula, ya kusubiri malori yajipange kwenye mizani ya Mariakani. Tuseme unajaza mafuta mara 8, dakika 15 kila mara. Zimekwenda saa 2. Ukilala saa 3 tu, zimebaki 19, na sasa wastani wako ukiwa barabarani lazima uwe karibu kilomita 85 kwa saa. Huo ni wastani. Kwenye barabara yenye matuta na mipaka ya 50 kwa saa katika kila mji, Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Maungu, Voi na kuendelea, wastani wa 85 unakudai ukimbie 110 na zaidi kila penye nafasi. Pikipiki ya cc 150 kwa kawaida haina hiyo 110. Mwenye pikipiki hiyo amebakiwa na kitu kimoja tu cha kukata, nacho ni usingizi.

Wamarekani wenyewe, tuwape haki yao, hawakuiweka safari ile kama mbio. Hakuna wa kwanza wala wa pili. Kila aliyemaliza na kuthibitisha kwa mashahidi na risiti hupewa cheti kile kile. Shindano lao lenye washindi, Iron Butt Rally, lilianza mwaka 1984, huchukua siku 11, hupanga watu kwa alama za vituo walivyofika, na mapumziko yaliyothibitishwa nayo hutoa alama. Hata mafuta yamewekewa kikomo: galoni 11.5 za Marekani, yaani lita 43 na nusu hivi, ukijumlisha matangi yote. Sisi tumechukua ile namba ya saa 24, tukaiacha hiyo mizani yake kulekule.

Kuna kingine tulichokisahau, nacho ni jua. Shindano lao hufanywa katika majira ya joto ya kwao, mwanga ukidumu zaidi ya saa 14 kwa siku. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja kasoro, Januari hadi Desemba. Kwa hiyo safari ya saa 24 Kenya ina karibu saa 11 na nusu za giza, na giza lenyewe ni la Tsavo. Kati ya Maungu na Mtito Andei ndovu hukatiza lami, na ndovu hana kiakisi. Lori lililokufa katikati ya barabara mara nyingi halina pembetatu ya kuakisi pia. Dereva amevunja matawi akayalaza mita chache nyuma ya tairi.

Sasa pima. Kwa kilomita 90 kwa saa unasafiri mita 25 kila sekunde. Mtu aliye macho vizuri huchukua kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kushika breki: mita 37. Breki nzuri kwenye lami kavu zitataka mita nyingine 45. Jumla ni mita 82. Taa ya chini ya pikipiki ndogo inakuonyesha vizuri mita 40 hivi. Hata ukipunguza hadi 60, unahitaji mita 45. Maana yake ni kwamba mwenye cc 150 anayeshindana usiku njia hii amekimbia mbele ya taa yake tangu Mariakani, na hakuna ujuzi wa mikono unaoweza kurudisha zile mita.

Juu ya giza, weka uchovu. Utafiti wa Dawson na Reid uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za mikono na macho kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Akifika saa 24, ni kama ana asilimia 0.10. Tungemkuta mshiriki na chupa kwenye mstari wa kuanzia tungemfukuza. Huyu mwingine tunampigia makofi kwenye mstari wa kumalizia. Mwili una mabonde yake mawili ya usingizi: saa nane usiku hadi alfajiri, na saa nane mchana hadi saa kumi. Katika mabonde hayo ubongo hujizima sekunde tatu nne, macho yakiwa wazi wakati mwingine. Sekunde 4 kwa mwendo wa 90 ni mita 100 bila dereva.

Na hapa Mombasa lazima tutaje muguka. Wengine wananitazama, natazama pia. Muguka na miraa ni mmea mmoja, na kilichomo ni kichangamshi kiitwacho kathinoni, pamoja na nduguye kathini. Inafungua macho, hairudishi usingizi. Deni la usingizi linabaki palepale na riba yake, na dawa inapoisha nguvu, kwa kawaida baada ya saa chache na mara nyingi katika lile bonde la usiku, mtu huanguka ghafla. Mtafunaji pia hukauka mdomo na kupoteza njaa, halafu hanywi maji ya kutosha kwenye joto la Taru. Hilo ni la usalama. La haki ni hili: kathinoni imo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku mashindanoni ya shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA, na kathini inahesabika kosa ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, linafuata orodha hiyo. Mbishane nyumbani kwenu kama muguka ni halali sokoni. Kwenye mashindano kanuni iandikwe wazi kwenye fomu, kwa Kiswahili, na ukaguzi wa mifuko ufanywe kituoni. Kahawa inaruhusiwa, ila huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Anayejua huinywa kisha analala dakika 20 papo hapo, si zaidi, maana akizama usingizi mzito ataamka kama mlevi.

Tufanyeje basi? Usiku tufunge. Pikipiki zote ziingie uwanjani, funguo zikabidhiwe kwa msimamizi kwa saini, ziachiliwe asubuhi. Saa zile zile kwa wote, kwa mfano kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hapo hakuna anayefaidika kwa kukesha, kwa sababu muda wa kukesha haumpeleki popote. Najua kuna vilabu vinavyopendelea kumwachia mtu achague saa zake za kupumzika na kuleta risiti mbili. Mimi siziamini risiti mbili. Mtu hununua soda saa tano usiku, hununua nyingine saa nane, na katikati amekaa kwenye benchi la kituo cha mafuta akitazama mpira kwenye simu. Risiti imethibitisha kwamba hakuondoka, haijathibitisha kwamba amelala. Funguo mikononi mwa msimamizi, godoro, neti ya mbu na taa iliyozimwa, hivyo ndivyo vinavyolaza mtu.

Njia ipo tayari. Anzeni Mariakani badala ya kisiwani, ili msongamano wa Changamwe na Miritini usiamue nani ametangulia. Siku ya kwanza: Mariakani hadi Voi, karibu kilomita 115, Voi hadi Taveta na kurudi, 220 hivi, kisha Voi hadi Athi River, kama 305. Jumla 640. Kwa wastani wa juu wa 75 ni saa 8 na nusu, ongeza saa 2 za vituo. Ukiondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi, unaingia saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Siku ya pili rudi Mariakani, kilomita 420. Zimetimia 1,060 kwa siku mbili bila kuwasha taa kwa ajili ya giza. Katika siku ya kwanza wekeni kituo cha lazima Mtito Andei, dakika 45, kati ya saa saba na saa tisa mchana, lile bonde la pili linapoanza. Anayechelewa na kuona saa kumi na mbili kasoro robo bado hajafika Athi River, asimame Emali au Sultan Hamud kwenye kituo kilichotajwa, aingizwe ndani, na asinyang'anywe alama za alikofika. Msipoandika hilo la mwisho, mchelewaji ataendelea gizani kwa kuogopa sifuri, na kosa litakuwa la mwandishi wa kanuni.

Kasi ndiyo sehemu yenye ujanja mwingi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kila kipande kiwe na muda wa chini kabisa. Mariakani hadi Voi, 115 kwa 75, ni dakika 92. Voi hadi Mtito Andei, karibu 95, ni dakika 76. Anayefika kabla ya muda huo anakatwa alama kwa kila dakika, na akiwahi kwa zaidi ya dakika 10 kipande chote kinafutwa. Ujanja utakaouona mwaka wa kwanza ni huu: mtu atakimbia 130 hadi kilomita mbili kabla ya kituo, ataegesha chini ya mbuyu, atakula chungwa lake, ataingia kituoni dakika ya 93 akitabasamu. Dawa yake ni vituo vya siri viwili katikati ya kila kipande, visivyotangazwa, au kifaa cha kufuatilia kwenye kila pikipiki kinachotuma mahali na kasi kila baada ya dakika moja au mbili. Kinachotuma kila dakika 10 hakitoshi, kwa sababu dakika 10 kwa mwendo wa 130 ni karibu kilomita 22 za wazimu zisizoonekana. Wekeni pia kikomo cha kasi ya papo hapo: 100 kwenye barabara wazi, 50 mjini, na onyo moja tu. Kifaa kifungwe na kamati kwa lakiri, kisichomolewe na mshiriki, na kiwe na betri yake, maana ajali ikikata waya wa betri ya pikipiki ndipo tunapokihitaji zaidi.

Takwimu za kifaa hicho zitundikwe ukutani usiku uleule, za kila mtu, mtoto wa mwenyekiti na mgeni wa Kampala sawasawa. Manung'uniko mengi kwenye mashindano yetu hayatokani na wizi mkubwa. Yanatokana na hesabu zilizofanywa ndani ya chumba kilichofungwa.

Mita ya pikipiki nayo inadanganya bila nia mbaya. Mita nyingi husoma zaidi ya ukweli, na tairi dogo au lililochakaa huongeza tofauti. Kabla ya mashindano wapitisheni wote kwenye kipande cha kilomita 50 kilichopimwa. Mita ikisoma 52, gawanya 50 kwa 52: 0.96. Anayedhani ametimiza 1,060 kwa mita hiyo amekwenda kama 1,019. Bila kipimo hiki, mwenye tairi dogo anashinda kwa tairi.

Kwa ushahidi wa vituo vya alama visivyo na msimamizi, ujumbe wa M-Pesa una tarehe, dakika na jina la mpokeaji, na ni mgumu kughushi kuliko risiti ya mashine ambayo saa yake haikurekebishwa tangu ilipofunguliwa. Lakini simu inaweza kubebwa na mwingine. Kwa hiyo takeni picha moja yenye namba ya mshiriki, mita na kibao cha mahali, pamoja na bangili ya plastiki ya namba iliyofungwa mkononi asubuhi kwa njia isiyofunguka bila kukatwa. Bangili inazuia ule mchezo wa ndugu wawili wanaofanana kugawana pikipiki moja kwa zamu.

Madaraja ya pikipiki: hadi cc 150, 151 hadi 400, na zaidi ya hapo. Msichanganye. Kwa daraja la chini, mafuta yasizidi lita 15 kwa jumla, na mtungi wa plastiki uliofungwa kwa mpira nyuma ya kiti upigwe marufuku kabisa. Unakaa juu ya ekzosi, unapanuka kwa jua, kifuniko kinavuja, na katika kuanguka ndio unaopasuka kwanza. Mwenye tangi kubwa anaruka kituo kimoja cha mafuta na kupata dakika 15. Kikomo kinamrudisha kwa wenzake na kinamshusha kwenye kiti, miguu ipate damu.

Kuna swali moja ambalo kamati nyingi hugombana juu yake, nalo ni lini njia itangazwe. Katika Dakar, yale mashindano makubwa ya jangwani, mwaka 2020, waandaaji walianza kutoa vitabu vya njia dakika chache kabla ya kuanza katika hatua kadhaa, kwa sababu timu tajiri zilikuwa zikiajiri watu wa kusoma ramani usiku kucha kwa niaba ya mwendeshaji. Walikuwa na sababu. Kwetu gawanyeni mambo mawili. Hatari za barabara, yaani matuta, daraja linalotengenezwa, sehemu za ndovu, vituo vya mafuta vyenye petroli ya uhakika, zitangazwe wiki tatu kabla, kwa wote. Vituo vya kuchagua vya alama vitolewe asubuhi, kwa wote dakika ile ile, karatasi zimefunikwa. Mwenyeji wa Voi hataweza kulala na majibu.

Na kituo chenyewe kiwekwe wapi? Si sokoni, si kwenye mteremko, si kando ya lami. Makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo likaingia kwenye magari na wachuuzi kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Kituo cha mashindano kinakusanya watu kama soko. Kiwe ndani ya uwanja wenye lango, mita 50 au zaidi kutoka barabarani, kiwe na choo chenye taa na mlango unaofungwa. Akina dada wamelisema hili la choo mara nyingi na wamejibiwa kwa vicheko; asiyepata mahali salama pa kujisaidia hupunguza kunywa maji, na mwendeshaji aliyekauka ni mwendeshaji anayesinzia.

Msaada njiani. Kanuni ya FIM na ya Dakar ni kwamba muda uliotumika kumsaidia aliyeumia hurudishwa. Mwaka 2016 Mreno Paulo Gonçalves alisimama kumsaidia Matthias Walkner aliyevunjika mguu, na akarudishiwa dakika zake. Miaka minne baadaye, tarehe 12 Januari 2020, Gonçalves mwenyewe alianguka Saudi Arabia na kufariki, na Toby Price ndiye aliyesimama kando yake. Hatua ya siku iliyofuata ilifutwa kwa pikipiki. Kwetu iandikwe hivi: wa kwanza kufika anasimama na kulinda mahali, wa pili anapiga simu, wa tatu anakwenda kituo kinachofuata kutoa habari. Hao watatu wanarudishiwa kila dakika kwa takwimu za kifaa. Wa nne na kuendelea wanapita polepole, kwa sababu pikipiki kumi kando ya lami ni ajali ya pili. Anayempita majeruhi wakati hakuna aliyesimama anafutwa kabisa, bila rufaa.

Msiivue kofia ya aliyeanguka kama anapumua vizuri. Kama hapumui, watu wawili: mmoja anashika shingo kutoka chini, mwingine anaivuta taratibu. Damu inayotoka kwa kasi ibanwe kwa kitambaa safi na uzito wa mwili, bila kuchungulia kila dakika. Jueni mapema nani anapelekwa wapi: anayeanguka upande huu wa Mariakani anarudishwa Hospitali Kuu ya Pwani, katikati ni hospitali ya Moi pale Voi, mbele yake Makindu. Gari la wagonjwa likae Maungu na Mtito Andei, lisikae kwenye mstari wa kumalizia kwa ajili ya picha. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, iandikwe kwenye tangi la kila pikipiki kwa wino usiofutika. Kifaa kikionyesha pikipiki imesimama dakika 15 pasipo kituo, kamati ipige simu. Isipojibiwa, gari litoke. Lisisubiri kikao.

Ukaguzi wa pikipiki ufanywe siku moja kabla, si asubuhi ya safari, la sivyo fundi atapitisha kila kitu kwa kuona haya. Tairi liwe na kina cha milimita 3 angalau, kwa kuwa litakula kilomita 1,000 za lami ya moto. Someni tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliopita miaka sita ukae nyumbani hata kama unang'aa. Tyubu yenye viraka viwili ibadilishwe. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kwenye kibandiko cha pikipiki. Likipata moto litapanda, na anayetoa upepo pale Voi kwa sababu limepanda anajitengenezea mpasuko Mtito.

Cheni ichezeshwe katikati: milimita 25 hadi 30, na ipimwe mahali ilipokaza zaidi, maana hairefuki sawasawa. Iliyokazwa sana inakula beringi ya giaboksi ukikaa na mzigo. Iliyolegea inaruka spoketi na kufunga gurudumu la nyuma. Spoku zigongwe kwa spana moja moja. Iliyokaza inalia, iliyolegea inanung'unika. Pedi za breki zisipungue milimita 2. Inueni gurudumu la mbele na kulitikisa kushoto kulia, mkono ukihisi mchezo ni beringi.

Taa za nyongeza zinahitaji jicho la pekee. Vijana hufunga taa mbili kubwa juu ya jenereta ndogo ya cc 150, na betri inakufa polepole bila wao kujua. Washeni kila kitu, injini kwenye mwendo wa kati, pimeni betri: volti 13.2 au zaidi, sawa. Chini ya 12.8, taa hizo zing'olewe. Taa kuu ielekezwe mwendeshaji akiwa amekaa na mzigo umefungwa. Kwenye ukuta wa mita 10, mwanga wa chini ushuke kama sentimita 10 kutoka kimo cha taa. Tunafunga usiku, ndiyo, lakini mvua ya vuli hugeuza saa tisa mchana kuwa magharibi.

Oili ya injini hizi ni kama lita moja tu. Ikizungushwa juu kwa saa nyingi inaungua, kwa hiyo ipimwe kila baada ya kujaza mafuta mara mbili, na kila mmoja abebe nusu lita. Injini nyingi zinazokwama kati ya Taru na Voi zilikuwa na oili iliyopungua, na fundi atakuambia ni plagi.

Kofia: lebo ya ECE 22.05 au 22.06 iwe imeshonwa kwenye ukanda. Ya kubandikwa kwa gundi ni ya kichochoroni. Ifungwe, kisha ivutwe kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, haiingii barabarani. Dakar ililazimisha fulana za mifuko ya hewa mwaka 2021. Bei yake bado ni kubwa kwa mwenye boda, kwa hiyo sisi tusiilazimishe, wala tusiipe alama, tusije tukauza ushindi dukani.

Zawadi. Fedha nyingi kwa mtu mmoja wa kwanza ndiyo inayomkimbiza. Pendekezo langu, na najua halitapendwa na wadhamini, ni kwamba kila aliyemaliza bila adhabu aingie kwenye kura, na fedha itoke kwa kura mbele ya watu. Cheti kiwe cha wote.

Ratiba iangalie mwezi wa Ramadhani na masika ya Aprili na Mei. Polisi wa trafiki, mamlaka ya barabara kuu na shirika la wanyamapori, KWS, waandikiwe mapema, kwa barua na ramani. Bima msome wenyewe yale maandishi madogo, kwa maana bima nyingi za pikipiki hazilipi chombo kinapokuwa mashindanoni. Kamati inunue ya siku hizo mbili kwa jina la kila mshiriki na impe nakala. Boda ni jiko la nyumba ya mtu, ikivunjika Makindu familia imelala njaa mtaa wa Bangladesh kule Mikindani.

Malalamiko yapokewe kwa maandishi ndani ya saa moja tangu matokeo kubandikwa. Yasikilizwe na watu watatu ambao hawana ndugu, mteja wala mwajiri miongoni mwa washiriki, na uamuzi ubandikwe na sababu zake. Ada ya malalamiko irudishwe hata mlalamikaji akishindwa, mradi alileta ushahidi. Ikiliwa, wa mwakani watanyamaza. Rasimu ya kanuni iko mezani kwa katibu, kurasa nne, na nafasi imeachwa pembeni ya kila kifungu mwandike mnachokikataa. Kipaza sauti ni chenu, tuanze na wasimamizi wa vituo.